Mkeka Uliofungiwa kwa Ndovu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na nyumba, vitanda na majirani wa kugombana nao, kulikuwa na kijiji cha wasusi wa mikeka. Kila mmoja alisuka kwake shupatu lake, ule ukanda mrefu wa ukindu, kisha akalipeleka kwa Ndovu. Uani kwa Ndovu ndiko mashupatu yote yalikoshonwa yakawa mkeka mmoja.

Uwanja ulikuwa mpana, na Ndovu hakumnyima mtu nafasi. Basi wakazoea. Wakazoea mpaka wakasahau kwamba mkeka unaweza kushonwa mahali pengine.

Walikuwa na desturi moja nzuri: kila shupatu lilisukwa mara mbili, pacha. Moja la kwa Ndovu, moja la kubaki nyumbani. Lakini hilo la nyumbani nani alilijali? Nyati alilikunja akalifanya mto. Kiboko alilifutia miguu.

Mwaka huo upepo uling'oa paa la ghala la mbegu. Mtunza ghala alikuwa Kindi, mama mdogo wa umbo, mwenye mkia mkubwa na hasira za karibu. Mtama wa kijiji kizima na kunde zake vikawa wazi chini ya mbingu. Vikilowa vitaoza, vikioza, hakuna cha kupanda, na watoto watalala njaa. Na Kindi ndiye aliyeapa kuvilinda.

Wasusi wakasuka usiku na mchana ili wapate mkeka wa kufunika ghala. Mashupatu yakafikishwa kwa Ndovu. Ikabaki kushona tu.

Asubuhi ya kushona wakakuta mlango wa Ndovu umefungwa, ndi! Juu ya paa kinapepea kitambaa cha kijani, alama ya kwamba mambo ni salama. Chini ya kitambaa amekaa Kasuku, mngoja mlango.

"Hodi! Hodi hapa!" Kindi akaita.

"Tunalijua tatizo," akasema Kasuku. "Tunalishughulikia. Subirini."

"Tatizo gani?"

"Tunalijua tatizo. Tunalishughulikia. Subirini."

"Na hicho kitambaa cha kijani?"

"Mambo ni salama."

"Salama ya wapi, na mlango umefungwa?"

"Tunalijua tatizo."

Kindi akasaga meno, kre-kre-kre! Huko milimani wingu lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi.

Nyati akaja na shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, ameichomeka nyuma ya sikio. "Nipisheni!" Akarudi nyuma, akakimbia, akaugonga mlango kwa kichwa. Puu! Mlango haukutikisika. Nyati akakaa chini, macho yanamzunguka.

"Mzee Ndovu!" akafoka. "Toka! Umetufungia jasho letu humo ndani!"

Kiboko akatukana. Ngiri akatukana zaidi. Walitukana mpaka koo zikakauka, wakanywa maji, wakaendelea. Lakini hakuna aliyeondoka pale mlangoni.

Kindi akapanda juu ya jiwe. "Jamani, nisikilizeni! Pacha za mashupatu si mnazo majumbani? Zileteni, tushonee pale pale ghalani!"

Wakacheka, kwa! kwa! kwa!

"Mkeka ushonwe nje ya uwanja wa Ndovu?" akasema Kiboko. "Lini ulisikia jambo hilo, Bi Kindi?"

"Sijalisikia. Ninalisema."

"Mwili wako wote unaingia ndani ya kwato langu," akasema Nyati, "halafu unifundishe mimi kushona? Kaa chini, mama. Tumeambiwa tusubiri."

"Umeambiwa na nani?"

"Na Kasuku!"

Ngurumo ikalia mbali, ndu-ndu-ndum. Kindi alitetemeka kwa hasira hata mkia ukamsimama kama ufagio. Akajisemea: Maneno yangu hawayataki kwa sababu yanatoka kwangu. Haya basi, yatatoka kwingine.

Akazunguka nyuma ya nyumba, akaparamia ukuta, pya-pya-pya, akatokea juu ya paa nyuma ya Kasuku. Akamnong'oneza sikioni. Akarudia. Akarudia tena, kwa sauti nzito ya bwana mkubwa.

Kasuku akatikisa kichwa, akafumbua mdomo: "Uwanja umehamia ghalani. Leteni pacha zenu. Shoneni huko."

Pale mlangoni vichwa vyote vikainuka.

"Mmesikia?" Nyati akaruka juu. "Uwanja umehamia! Si angesema tangu asubuhi!"

Walikimbia, vumbi likatimka. Nyati akauvuta mto wake kitandani. Kiboko akakung'uta matope. Shupatu kwa shupatu, shazia kwa shazia, chwi, chwi, chwi! Kindi akawa anapita juu yao, akivuta uzi na kufoka, "Kaza uzi! Kaza! Hiyo ni mvua, si mgeni wa kumwambia apite kesho!" Tone la kwanza lilipoanguka, mkeka ulikuwa umeshatandazwa juu ya ghala na kamba zimefungwa. Mvua ikamwagika, shaaa! Ndani, mbegu zikabaki kavu.

Mvua ilipokatika, akaja Ndovu mwenyewe, ana vumbi mpaka kwenye kope na sikio moja limechubuka. Akautazama mkeka.

"Nani amewapa ruhusa ya kushona hapa?"

"Wewe!" akasema Nyati. "Umehamisha uwanja."

"Mimi? Sijahamisha chochote."

Macho yote yakamgeukia Kindi.

"Umetudanganya!" Nyati akanguruma. "Kibibi wewe, umetufanya wajinga!"

"Nimewadanganya, ndiyo!" Kindi akapiga mguu chini. "Ukweli niliwaambia mchana kweupe, mkanicheka! Mlango kufungwa sikukasirikia, milango hufungwa. Nimewakasirikia ninyi, mnaomtukana Ndovu kutwa nzima na kazi yenu iko chini ya vichwa vyenu! Na wewe Mzee, huko ndani ulikuwa unafanya nini?"

Wanangu, msimhukumu Ndovu upesi. Aliinamisha masikio.

"Nilitaka kuwapanulieni uwanja. Nikasogeza nguzo moja ya nyumba. Dari ikashuka, ikanifungia na mimi, mpaka sasa hivi nilipojichimbua. Niliona haya kusema."

"Ukaona heri mbegu zioze?" Kindi hakumwachia. "Neno moja tu la kweli, Mzee, tungekuja na majembe tukutoe!"

Ngiri akamsogelea Ndovu, akauliza polepole, "Na mashupatu yetu uliyokuwa nayo?"

"Yamechanika," akasema Ndovu. "Yote. Halikupona hata moja."

Nyati akaitazama mikono ya Kindi iliyochubuliwa na uzi. Akamwinamishia kichwa.

Jirani akikuwekea kazi yako, mshukuru. Lakini usisahau namna ya kuifanya bila yeye.