Kinyozi Mwenye Ndevu Nusu

Kinyozi hajinyoi. Ndivyo alivyowajibu mjomba wenu Athumani leo asubuhi mlipomcheka, kwamba yeye aliyewaposea vijana wote wa mtaa huu sasa anahangaika kutafuta mtu wa kumposea yeye. Mkacheka tena, kisha mkaja kuniuliza huyo kinyozi ni nani na kilimzuia nini. Kaeni basi. Wewe Siwema, acha kutafuna muwa sikioni mwangu. Methali hii ina kwao, na kwao ni hapa hapa mjini petu. Ilianza hivi.

Kabla mama yangu hajazaliwa, palikuwa na kinyozi jina lake Sufiani. Alinyolea barazani kwake, karibu na soko. Wembe wake ulikuwa wa kukunja, wenye mpini wa pembe, na kila alfajiri aliunoa kwenye jiwe, kisha akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata watoto wachanga walinyolewa nywele za arubaini huku wamelala. Kwa hilo alisifiwa sana, na sifa zikimzidi mtu humvimbisha kichwa.

Yeye mwenyewe alikuwa akinyolewa na fundi aliyemfunza kazi. Fundi alipofariki, Sufiani hakutaka kuikabidhi shingo yake kwa kinyozi mwingine, maana watu wa kazi moja hawaaminiani. Akaona amfundishe mkewe, Mwantumu.

Sasa, mtu hajifunzi wembe kwenye shavu la mtu. Sufiani alichukua papai bichi, akalipaka povu la sabuni, akamwambia mkewe aliondoe povu lote bila kuligusa ganda. Papai bichi halifichi kosa: ulichane kidogo tu, utomvu mweupe huo unatoka. Siku ya kwanza papai la Mwantumu lilitiririka pande zote. Siku ya pili hivyo hivyo. Sufiani akakaa nyuma yake, akamshika mkono.

"Ulaze wembe, usiusimamishe," alimwambia. "Wala usikandamize, uzito wake unautosha. Mkono wa kushoto uvute ngozi, wa kulia ufuate ndevu zinakolala."

Wiki sita nyumba ile ilikula mapapai mabichi, ya kuchemsha na ya kachumbari, mpaka majirani wakauliza kulikoni. Wiki ya saba papai likatoka kavu. Mwantumu alilipakata kama mtoto, akazunguka nalo uani akicheka.

Tangu hapo kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, Sufiani alikaa uani na Mwantumu akamnyoa. Wembe ulipoteremka Mwantumu alibana pumzi, na ulipofika kidevuni akaiachia. Sufiani aliisikia pumzi ile shavuni mwake, akaipenda, lakini hakuwahi kusema. Wanaume wengi wana maradhi hayo ya kupenda na kunyamaza. Babu yenu alikuwa nayo pia, Mungu amrehemu, na mpaka leo namdai maneno.

Ijumaa moja Sufiani alikuwa akimsimulia mkewe habari ya mteja aliyesinzia akanyolewa hata nyusi. Mwantumu akamwambia anyamaze kwanza. Sufiani, yeye aliyezoea kuwakemea wateja wakitikisa hata sikio, akaendelea kusema na kucheka. Wembe ukamgusa chini ya taya. Kilikuwa kidonda kidogo, damu yake tone moja.

Barazani wanaume wakakiona. Kibwana, muuza tumbaku, mtu wa mdomo sana, akapaza sauti: "Ehee! Leo kinyozi kachinjwa! Nani huyo kakuweza?"

Wote wakacheka. Hapo Sufiani angesema kweli, kwamba kosa ni la mdomo wake, na mambo yangeisha. Lakini sifa haikumwachia.

"Si huyu mwanamke!" akajibu. "Mkono wa kushika mwiko utaujulia wapi wembe? Nilimwachia achezee tu. Mimi simhitaji mtu. Nina mikono miwili na kioo."

Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Aliingia, akawamiminia wote, mmoja mmoja, mumewe akawa wa mwisho. Kisha akarudi ndani, akaufuta wembe, akaukunja, akajitanda kanga yake na kwenda kwao Kwashemdoe, mwendo wa nusu siku kwa miguu.

Wiki ya kwanza Sufiani alisema atarudi tu. Wiki ya pili akasema asiporudi shauri yake. Wiki ya tatu akawa anachungulia njia ya Kwashemdoe. Ndevu zilikuwa zimemjaa, na wateja wakaanza kunong'ona kwamba kinyozi gani huyu. Ikabidi achukue kioo na kukaa mwenyewe.

Wajukuu zangu, mtu aliyenyoa nusu ya mji alikuwa mwanagenzi mbele ya uso wake. Mkono wake ulizoea kumjia mtu kwa mbele, sasa ulitakiwa ujigeukie. Alipovuta ngozi kwa mkono wa kushoto, mkono huo huo ukamziba asione. Alipotaka kwenda kulia, kioo kikampeleka kushoto. Alijikata shavuni, akajikata kidevuni, akajikata pale pale chini ya taya, akauweka wembe chini akiwa amelowa povu na damu.

Basi akaenda kwa kinyozi wa ng'ambo ya mto. Akakalishwa, akapakwa povu, akashikwa kidevu. Wembe haujagusa hata unywele, akainuka.

"Vipi, fundi mwenzangu?" yule bwana akamuuliza. "Maji ya moto?"

"Maji mazuri," Sufiani akasema. "Mkono sio."

Akavuka mto kurudi kwake na povu lake usoni. Njiani alilia, na hakujali nani anamwona. Alimtaka Mwantumu. Alitaka pumzi yake shavuni, na kicheko chake cha siku ya papai, na hata ile sauti ya kumwambia anyamaze. Nyumba ilikuwa imempwaya.

Desturi yetu mnaijua: mume aliyemuudhi mkewe humfuata ukweni na mzee wa kumsemea. Sufiani hakuwa na subira ya kutafuta mzee. Alichukua wembe wake, akaenda peke yake, akapiga hodi kwa Mzee Mgaza, baba yake Mwantumu. Mzee alimkaribisha uani, akaziangalia zile ndevu kwa muda mrefu.

"Mkwe, umefuata nini peke yako?"

"Nimefuata kunyolewa, baba."

"Kinyozi mzima unatembea nusu siku kufuata kunyolewa?"

"Kinyozi hajinyoi, baba. Nimejaribu, makovu haya hapa. Na mkono wa mtu mwingine siutaki. Kila nikiamka nasikia pumzi yake shavuni, nikigeuka hayupo."

Mzee Mgaza akatazama pembeni, maana hayo si maneno ya kumwambia mkwe. Lakini Mwantumu alikuwa ameyasikia toka jikoni. Akatoka na bakuli la maji, akamwambia mumewe akae. Akampaka povu, akamnyoa shavu la kulia, taratibu, mpaka likawa laini. Kisha akaukunja wembe.

"Bado upande mmoja," Sufiani akasema.

"Najua. Yale ya mwiko uliyasema wapi, bwana?"

"Barazani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Na haya mazuri umekuja kuyasema huku uani, wasikie kuku wa baba yangu. Upande huu nimekunyoa kwa maneno ya hapa. Upande wa pili utanyolewa kule kule barazani, ukishayasema. Usipoyasema, nitageuza njia."

Mzee Mgaza alikohoa kuficha kicheko.

Kesho yake asubuhi wakashika njia, Sufiani mbele, Mwantumu nyuma na furushi kichwani. Ilikuwa siku ya soko. Kinyozi mashuhuri akapita katikati ya watu, shavu moja jeupe, jingine kichaka. Wanawake waliacha kupima unga wakamtazama. Kibwana alimwona toka mbali.

"Sufiani! Hiyo nusu umeliwa na panya?"

Watu wakaangua kicheko. Sufiani akapanda barazani, akageuka. Mwantumu alikuwa amesimama ng'ambo ya njia. Furushi lilikuwa bado kichwani, hajalitua. Sufiani akaona kwamba mkewe akilitua, yeye amepona, na akigeuka nalo ndiyo basi tena.

"Kinyozi hajinyoi!" akasema, kicheko kikamfunika, akarudia. "Kinyozi hajinyoi, jamaa zangu. Mkono wangu unazijua nyuso zenu zote, uso wangu hauujui. Aninyoaye mimi ni Mwantumu. Kidonda mlichokiona siku ile nilijitia mwenyewe kwa mdomo wangu, nikamsingizia yeye. Tangu aondoke sili nikashiba, silali nikapumzika. Chekeni mkipenda."

Kibwana alifungua mdomo, akatazama kushoto na kulia, hakuona wa kucheka naye. Mwantumu akavuka njia. Akalitua furushi barazani, akaomba maji ya kunyolea.

Waliishi pamoja miaka mingi, Ijumaa hata Ijumaa, lakini Mwantumu alitangulia mbele ya haki. Mama yangu wakati huo alikuwa msichana mdogo, na alimkumbuka Sufiani akiwa mzee, ndevu zimemfika kifuani, nyeupe. Vinyozi vijana aliowafunza mwenyewe walikuwa wakimjia na nyembe zao.

"Mzee, njoo tukunyoe."

"Kinyozi hajinyoi," aliwajibu.

"Hatukwambii ujinyoe, mzee. Sisi tupo, mikono yetu hii. Tutakunyoa sisi."

Naye akawatazama kwa upole, akajishika shavu kwa kiganja, pale pumzi ya Mwantumu ilipozoea kutua, akasema tena neno lile lile. Wale vijana wakaondoka wakiambizana kwamba uzee umemziba masikio. Alikuwa amewasikia vizuri sana.

Kinyozi hajinyoi.