Arobaini kwa Arobaini

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri, binti mmoja alipotuma toleo jipya la programu kwenye simu za wahudumu wa afya arobaini, kila mmoja kijijini kwake. Programu hiyo huwaambia mtoto mwenye malaria apewe vidonge vingapi. Ile ya zamani ilikuwa na kosa, na kosa ni la mkono wake mwenyewe: mtoto wa kilo kumi na mbili ilimwandikia viwili badala ya kimoja. Aliligundua asubuhi hiyo, na tangu hapo hakuwa ametia kitu mdomoni.

Jioni kompyuta ikamwonyesha: zimepokea simu arobaini kwa arobaini. Akashusha pumzi. Lakini moyo haukutulia, akampigia mhudumu mmoja.

"Shikamoo mama. Mtoto wa kilo kumi na mbili, simu inasemaje?"

"Marahaba. Viwili."

"Mbona toleo jipya limefika?"

"Limefika mwanangu, nimeona alama yake. Ila programu yenyewe sijaifunga tangu Pasaka. Nikiifunga inafunguka kwa kujivuta, na mimi nina foleni mlangoni. Wewe huna foleni."

Ndipo akili ikamjia. Toleo jipya hushuka kimyakimya, likakaa ndani ya simu. Halifanyi kazi mpaka programu ifungwe na kufunguliwa upya. Akawaandikia wote: msitoe dawa kabla hamjafunga na kufungua. Majibu yakamiminika. Nimepokea. Nimepokea, ubarikiwe. Akampigia mwingine: amepokea, hajafunga. Binti akainamisha kichwa mezani.

Ndugu zangu, mnamcheka mama yule? Neno limeshuka ndani yetu Jumapili ngapi? Tunaitikia amina, tunaondoka nalo, tukifika nyumbani ulimi ni uleule, kwa mume, kwa mke, kwa dada wa kazi. Si kwamba hatujapokea. Tumepokea mno. Tunaogopa kufunga ya zamani, maana tumeyazoea na tuna haraka. Na anayeumia kwa kuchelewa kwetu ni nani, kama si yule mdogo aliye kwenye foleni?

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla foleni hazijaanza, binti alipiga simu moja baada ya nyingine, zote arobaini, sauti imemkauka. Hakuuliza tena kama limefika. Alisema, "Funga sasa hivi, nakusubiri. Ukifungua, nisomee." Wala hakukata simu mpaka asikie: kimoja.