Fisi Aliposimama Kuitika

Aliye na muwa mdomoni ateme, na mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe, maana haya sipendi kuyasema mara mbili.

Zamani sana, katika nchi ya Isanga, fisi alikuwa na mgongo ulionyooka kama wa ng'ombe. Alitembea mchana, katikati ya watu, bila haraka yoyote. Alikula mifupa iliyotupwa, akalala kwenye kivuli cha ghala, na hakuna aliyemrushia hata gunzi. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na wengi walizeeka bila kuisikia.

Zamani hizo hadithi zilisimuliwa mchana, kwenye uwanja wa kupuria mtama, watu wakipiga masuke kwa fimbo huku wakisikiliza. Wala hazikuwa hadithi za sungura na mazimwi. Zilikuwa habari za watu wenyewe, kwa majina yao, mambo waliyoyatenda tangu mavuno yaliyopita. Desturi ilikuwa kwamba ukitajwa, unaweka fimbo chini, unasimama na kuitika, "Ni mimi." Aliyeokoa mbuzi wa jirani kwenye mafuriko alisimama. Aliyeiba kuku alisimama pia, uso umemshuka, watoto wake wakimtazama. Hakupigwa wala kutozwa kitu. Akishaitika, hadithi imekwisha na fimbo zinaendelea. Isipoitikiwa, hadithi haijaisha, na kama ni hadithi ya kifo, wafiwa hawavui kamba ya msiba shingoni. Msidhani watu wale walikuwa wema kuliko sisi. Roho zao zilikuwa hizihizi zetu. Walichoogopa ni kuyasema maneno hayo mawili mbele ya watoto wao.

Msimulizi wa Isanga alikuwa mwanamke aitwaye Nyamizi. Alikuwa na kumbukumbu kali na ulimi usiopendelea mtu. Aliwahi kumtaja mumewe kwa kumpiga ndama mpaka akavunjika mguu, na mume akasimama, akaitika, akamnunia siku nne. Watu walimwogopa Nyamizi kidogo na kumwamini sana.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Kikabaki kisima kimoja, kule juu kwa mtemi, na Mtemi Kasanda akatangaza kwamba maji yale ni ya watu wa juu peke yao. Watu wa bondeni wakajitafutie wanakojua. Siku moja, jua la utosi, kijana wa bondeni aitwaye Mayunga alipanda na kibuyu kimoja. Mama yake, Bibi Kabula, alikuwa amelala siku ya tatu kwa kiu. Mayunga hakujificha. Alisalimia watu, akainama, akateka.

Mtemi alikuwa amesimama pale na watu wake. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Huyo anakunywa maji ya watoto wenu," kisha akageuka kutazama pembeni, kama mtu aliyeona mawingu.

Nyamizi alikuwa akipita na ungo uliojaa mawe madogo ya kuzibia ufa wa ukuta wake. Aliutua ungo chini. Mpaka kufa kwake alijiuliza kwa nini aliutua, kwa sababu haukuwa mzito. Mikono ikaingia kwenye ungo. Wa kwanza kurusha hakujulikana. Nyamizi alirusha wa tatu, na nitawaambia jambo ambalo yeye hakumwambia mtu: jiwe lilipompata Mayunga begani, moyo wake ulifurahi. Wiki nyingi alikuwa na kiu na hofu, na kwa kitambo kile kifupi kiu na hofu vilimtoka. Walipoacha kurusha, ungo ulikuwa mtupu na kibuyu kimepasuka. Siku ya tisa mvua ikanyesha nchi nzima, juu na bondeni.

Mtama ukakomaa, siku ya kupura ikafika. Asubuhi hiyo mtemi alimwita Nyamizi uani kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, akimenya karanga.

"Leo utasimulia habari za Mayunga," akasema.

"Ndiyo, Mtemi. Mama yake amekuja. Yuko uwanjani tangu alfajiri."

"Na mimi utanitaja."

Nyamizi akayatazama maganda ya karanga chini ya kigoda.

"Nitaje tu, mama. Nitasimama, mimi si mwoga. Nitaitika kwamba ndimi niliyesema maji ni ya watoto wenu. Kisha nitakaa, nawe utaendelea, maana hadithi haikatwi katikati. Utafika kwenye mawe. Yaliletwa kwa ungo wa nani?" Akamsogezea karanga. "Kula, mama. Una kazi ndefu leo."

Nyamizi akachukua punje chache, akala. Baadaye, katika yote ya siku ile, hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba alikula na akaona zina utamu.

Uwanjani watu wa juu walikuwa wameshapanga masuke. Bibi Kabula alikaa peke yake upande wa makapi, kamba ya msiba shingoni, imeanza kumchubua ngozi. Hakuja kudai fidia, na kisasi hakuwa na nguvu nacho. Alitaka mtu mmoja asimame, aseme maneno mawili, ili aivue ile kamba na kumlilia mwanawe mpaka machozi yaishe. Karibu naye fisi alikuwa amejilaza, akitafuna mfupa wa jana.

Nyamizi akaanza. Alisimulia ukame, kisima, kibuyu. Alisimulia jinsi Mayunga alivyosalimia watu. Kadiri alivyoendelea, fimbo moja ilinyamaza, kisha nyingine, mpaka uwanja mzima ukatulia. Watu wote walitazama miguu yao. Miongoni mwao Nyamizi alimwona mumewe, akamwona jirani yake, akawaona binti zake wawili wanaomwangalia yeye. Walikuwa wakimwangalia kwa fahari, kama walivyomwangalia siku zote. 

"Ndipo," akasema, "akatokea fisi."

Hakuna aliyecheka. Pumzi ziliwashuka watu wote kwa pamoja, kama wametuliwa mizigo.

Fisi alisikia jina lake. Aliijua desturi, alikuwa ameiona miaka yote akiwa amelala pale kivulini. Akaacha mfupa wake, akasimama wima, mgongo umenyooka, akafungua kinywa aitike kwamba si yeye. Lakini hakuwa amepewa maneno. Kilichotoka kilikuwa kitu kirefu, kilichopanda juu na kukatika katikati, na watu wakasema, mnasikia, anatucheka. Wakamwendea na fimbo za kupuria. Waliokuwa na mikono myepesi siku ile ya kisimani walikuwa wepesi tena. Walimpiga kiunoni mpaka nyonga zikashuka, akaenda zake akijikokota.

Vumbi lilipotulia, Bibi Kabula alikuwa bado amekaa palepale. Alimtazama Nyamizi, wala hakuonekana kukasirika.

"Mwanangu," akauliza, "fisi anashika jiwe kwa mkono upi?"

Mtemi alitazama pembeni. Mtu mmoja akaanza kupura, wengine wakafuata, kwa nguvu kuliko kawaida. Bibi Kabula akanyanyuka, akateremka bondeni, na akazikwa miaka mingi baadaye na ile kamba shingoni.

Nyamizi aliendelea kusimulia, na akapendwa kuliko zamani. Kila ubaya uliotendeka Isanga alimpa fisi, na fisi alipozidiwa akabuni zimwi. Kasanda alitawala mpaka akaota mvi, naye aliua wengine, kwa kauli yake ileile ya taratibu. Jioni, jua likizama, fisi alikuja mpaka kwenye ua wa Nyamizi na kulia. Nyamizi aliinamia kinu kitupu, akasema humo ndani, kwa sauti ndogo, "Ni mimi." Kisha alikifunika kinu kwa ungo, binti zake wasisikie.

Na tangu siku hiyo fisi hutembea nyonga zimeshuka, na hakai tena na watu. Tangu siku hiyo wabaya wa hadithi zetu wana manyoya, au jicho moja, au mkia, na msimulizi anapoanza sisi humwitikia wote kwa mkupuo, ili isijulikane sauti ya nani. Mnayemsikia kule nje ya kijiji hachekelei kitu. Anauliza ni nani. Nasi tukimsikia huwaita watoto ndani na kufunga mlango.