Wishwa Haupimwi

Aliyekuazima jina hakukuazima siku.

Ndivyo alivyowajibu Mzee Spoku leo asubuhi, mlipomfuata kwenye kibanda chake cha baiskeli kumwomba jina lake mumpe mtoto wa Zulfa. Nimewasikia mkirudi mnanung'unika: mzee gani huyu, anapewa heshima anajibu kama mtu aliyetukanwa. Najua mlichokitaka. Mzee yule hajapata kulazwa hata siku moja, na kila mwenye mtoto angependa wake azeeke vile. Lakini hamkujua mnabisha mlango gani. Kaeni basi. Zulfa, nyonyesha huku unasikiliza, maana wewe ndiye hasa yanakuhusu. Maneno hayo yalianzia hapa hapa Namakono, kwa mwanamke aliyeitwa Mwanvua.

Mwanvua alikuwa mke wa Ngwele, mkulima wa mpunga kama baba zenu. Alizaa watoto watatu wa kiume, na mumewe akawapa majina makubwa makubwa: Sultani, Amiri, Jabali. Hakuna hata mmoja aliyefikia kusimama dede. Wa tatu alipozikwa, wanawake wakaacha kumwita Mwanvua kwenye uzazi. Hakuna aliyemtukana, walisahau tu kumwambia. Siku moja alimkuta jirani yake Siwema kambeba binti mchanga, akanyoosha mikono ampokee. Siwema alimhamisha mtoto bega la pili, akaendelea kuzungumza habari za mvua. Mwanvua alirudi kwake, akaificha mikono yake ndani ya kanga kana kwamba ilikuwa na uchafu.

Alipojifungua wa nne, mkunga Bi Kidawa aliwafokea yeye na mumewe. "Mnawaita watoto majina ya wafalme, kisha mnashangaa kifo kikibisha hodi! Huyu ataitwa Wishwa, kisimwone."

Wishwa ni yale makapi yanayobaki ungoni mpunga ukishatwangwa na kupepetwa. Hakuna mwizi anayeiba wishwa. Siku ya saba Bi Kidawa alimlaza mtoto ungoni juu ya makapi, akauweka ungo nyuma ya kinu. Mpita njia mmoja akamwokota, akauliza kwa sauti, "Nimeokota wishwa, ni wa nani huu?" Mwanvua akajibu kama alivyofundishwa, "Chukua, mimi hauna faida kwangu," na huku machozi yanamtoka. Kisha mkunga akaweka mwiko mmoja tu. "Wishwa haupimwi. Asije akatundikwa kwenye ile mizani ya kliniki. Siku mtakayompima, kifo kitasikia kwamba ana uzito."

Nanyi mnajua kliniki ilivyo. Mtoto hupimwa kwanza, ndipo huchomwa sindano. Asiyepimwa hachomwi.

Mwanvua aliushika mwiko huo miezi tisa. Kisha akaenda mjini kumwuguza dada yake, na dada mtu hakuwa wa kubembelezwa. "Umezika watatu kwa kusikiliza maneno ya watu," alimwambia. "Huyu anakwenda kliniki, hata kama nitambeba mwenyewe." Wakaenda. Mtoto akatundikwa kwenye mizani huku anacheka, akapimwa, akachomwa sindano ya surua, akaandikiwa kadi. Mwanvua aliikunja kadi ile, akaja nayo mpaka huku, akaifukia chini ya nguo sandukuni. Hakumwambia mtu, hata Ngwele. Alijua mtoto akifa, watasema amemuua kwa kuvunja mwiko.

Mtoto hakufa. Alipotimiza miaka minne surua iliingia Namakono, ikachukua watoto tisa katika wiki tatu. Wishwa alikuwa anakimbiza kuku uani. Watu waliotoka kuzika walisimama kumtazama, na mmoja akasema, "Hata surua imepita ikaona makapi." Mwanvua alifungua kinywa aseme habari ya kadi. Akakifunga. Siku ile ilikuwa hofu tu, wala hakuna ubaya mwingine.

Ubaya ulikuja taratibu, kwa miguu ya wanawake waliokuja kuomba jina. Hapa kwetu jina haliokotwi, huombwa. Mwombaji huja na kibaba cha mchele, na mwenye jina anakuwa somo mkubwa wa mtoto. Humpa kanga ya kwanza ya kubebewa. Na mtoto akifa, Mungu apishe mbali, somo mkubwa ndiye anayeshuka kaburini kumpokea. Hilo la mwisho lilikuwa likitajwa haraka haraka, kama mtu anayeruka tope.

Baada ya miaka tisa walikuwepo kina Wishwa ishirini na sita. Ukisimama mtoni ukaita jina hilo, wavulana wote waligeuka. Mwalimu wa darasa la kwanza alichoka, akawapa vyeo: Wishwa wa Kisimani, Wishwa Mapengo, Wishwa Mkoba. Yupo mzee aliyempa hata beberu wake. Jina lililotungwa kwa aibu likawa fahari ya bonde zima, na mama wa jina alikuwa Mwanvua. Sasa uchungu ukimshika mwanamke, yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Watoto waliokuwa wakifichwa asiwaone, waliwekwa mapajani pake. Naye aliwaambia mwenyewe, kwa kinywa chake, "Mpe jina hili na usimpime, utamwoza." Simlaumu kwa kupenda kupendwa. Nani asiyependa?

Siwema naye akaja, baada ya mabinti wawili, na mtoto wa kiume mikononi. Hakukaa kwanza. Alimweka mtoto mapajani pa Mwanvua, akasema, "Nisamehe la siku ile." Mwanvua alilia sana, akatoa kanga yake mpya, akampa jina.

Mwaka uliofuata alikuja Nesi Felista wa zahanati, kwa baiskeli. Alikaa kwenye kigoda barazani, wala hakugusa maji aliyopewa. Siwema alikuwapo, anachambua mchele. Mwanawe kalala mapajani pa Mwanvua.

"Mama Wishwa," alisema nesi, "nina chanjo za watoto ishirini na watano, zinarudi mjini bila kazi. Kila nyumba naambiwa wishwa haupimwi."

"Ndivyo ilivyo, mwanangu."

"Basi nitawachoma bila kuwapima. Mizani nitaiacha zahanati. Nimewaambia hivyo pia, wakasema mpaka mama wa jina aseme." Akainama, akashusha sauti. "Ng'ambo ya mto surua imeshaingia. Sikuombi hotuba, mama. Wakuone tu umesimama karibu yangu."

Mwanvua aligeuka akatazama mlango wa chumba. Sandukuni palikuwa hatua kumi kutoka pale alipokaa.

"Mwambie, mwenzangu," Siwema akadakia, kwa majivuno ya rafiki. "Mwambie wako alipona bila sindano yao."

Mwanvua alimtazama mtoto aliyelala. Aliwaza kwamba akisema ukweli, Siwema atainuka amchukue mwanawe, na baraza hili halitapata tena mtu. Akasema, "Wangu alipona kwa jina lake."

Nesi aliinuka, akachukua baiskeli yake, akaenda.

Surua ilivuka mto mwezi wa pili wa masika. Alianza Wishwa Mapengo, wa miaka sita. Mwana wa Mwanvua alikuwa na miaka kumi na minne, akashuka kaburini akanyoosha mikono, akampokea. Kwenye kaburi la pili wanaume walisema huyu naye ni mtoto, ashuke mtu mzima. Baba wa marehemu akakataa. Ada ni ada. Akashuka. Akashuka la tatu. Wangu alikuwa wa nne, lakini hadithi hii si yangu. Kufikia la tano udongo ulikuwa umemganda kijana kwenye kucha, asiutoe.

Baada ya la saba alirudi nyumbani, akakaa juu ya kinu.

"Mama, mimi mbona sikufa?"

"Jina, mwanangu."

"Na wao wanalo."

Mwanvua akaingia ndani, akatoa nguo moja moja, akaja na kadi. Kijana alikuwa darasa la saba, kusoma anajua. Alisoma jina lake, tarehe, kilo nane na nusu, surua.

"Ulinipima."

"Ndiyo."

"Na nesi alipokuja kukuomba?"

"Nilikuwa nimechoka kukaa peke yangu," Mwanvua alisema.

Kijana alitoka mbio na kadi mkononi mpaka kwa Siwema, akidhani bado upo wakati. Mtoto alikuwa na homa tangu juzi, macho mekundu. Nesi aliitwa, akaja, akawaambia ukweli: sindano humkinga mzima, aliyekwisha kuugua haimsaidii tena. Ijumaa kijana alishuka kaburini mara ya nane.

Msibani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Mwanvua alifika, akasimama, na hakuna aliyesogea ampishe. Siwema alikuwa kaiweka ile kadi mapajani, pale ambapo mtoto angekuwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Siku ile nilipomhamisha binti yangu begani, ulikuwa na haki ya kunichukia," alisema. "Ungenichukia tu, Mwanvua. Ningestahimili. Hukunichukia, ukanipenda, ukamwacha mwanangu afe ili nisiondoke barazani kwako. Mimi sikuja kwako kutafuta jina. Nilikuja kumtafutia mwanangu siku za kuishi. Jina ukaniazima. Siku ulikuwa nazo sandukuni, hukuniazima."

Mwanvua alianguka pale mlangoni. Hakuna aliyemwinua ila mwanawe, aliyekuja na udongo wa kaburi miguuni.

Jumatatu foleni ya zahanati ilifika mpaka msikitini. Kila aliyesalia alitundikwa mizanini, na kila mama alitaja jina jipya. Katika mwezi mmoja jina Wishwa likabaki na mtu mmoja. Mwanvua aliishi miaka kumi na tisa zaidi katika nyumba ile, akitwanga mpunga wake peke yake. Hakuna aliyemtukana. Walisahau tu kumwambia kukiwa na uzazi, na baadaye hata kukiwa na msiba. Mwanawe hakumwacha. Alimlisha, alimwuguza, na alipokufa akashuka kaburini akampokea, na kama walipata kusameheana hakuna ajuaye. Kisha akajifunza kutengeneza baiskeli. Watu wakamwita Spoku, akaitika upesi, kama mtu aliyevuliwa mzigo.

Sasa mnaona mmebisha mlango gani. Mmemwendea mtu aliyewazika masomo wake wanane kabla hajaota ndevu, mkamwomba wa tisa. Mlipotaja habari ya jina alitazama mikono yake, sivyo, Zulfa? Nilijua. Siku hizi watu wanaisema methali ile kumaanisha kila mtu na majaliwa yake, eti Mungu ndiye agawaye siku. Kweli Mungu ndiye agawaye, lakini aliyeisema hakuwa akimlalamikia Mungu. Alikuwa anamtazama mwanamke mlangoni.

Mtoto mpeni jina mlipendalo, la babu yake au la mcheza mpira, yote sawa. Ila kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mpelekeni akapimwe. Aliyekuazima jina hakukuazima siku.