Taa Nyekundu ya Gari la Mzee Shekalaghe

Sogeeni karibu, na mwenye tabia ya kubisha akae mbele kabisa. Kisa hiki kimewagombanisha watu wa Soni muda mrefu, na mimi nimechoka kukibeba peke yangu.

Hapo Soni, kwenye milima ya Usambara, aliishi Mzee Shekalaghe, bwana shamba mstaafu. Mkewe alikwisha kufariki. Alibaki na watoto watatu, watu wazima, na gari moja kuukuu la rangi ya maziwa, alilolinunua kabla hata mmoja wao hajazaliwa.

Mkubwa, Kaniki, alikuwa fundi chuma. Ukimpelekea kifaa kilichovunjika ambacho hakiuzwi tena popote, atakigeuzageuza kiganjani, kisha atakutengenezea kingine, nawe utashindwa kujua kipi kilitoka kiwandani.

Wa katikati, Sikudhani, binti pekee, alikuwa dereva. Aliteremsha lori la mboga kutoka milimani hadi Mombo, kona baada ya kona, mvua au ukungu, na hajawahi kumwaga hata karoti. Watu walisema analisikia gari kwa mgongo.

Mdogo, Hoza, alikuwa fundi umeme wa magari. Mpe gari ambalo nyaya zake zimechakaa mpaka zote zina rangi moja ya vumbi. Atazifuata kwa vidole, mmoja mmoja, mpaka akuambie upi unatoka wapi na unakwenda kufanya nini.

Watoto wenye vipaji namna hiyo wangekuwa fahari ya nyumba. Lakini Mzee Shekalaghe alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kumsifu mtoto bila kumpiga mwenzake kwa sifa hiyo hiyo. "Kaniki, mwone Hoza anavyoamka mapema." "Hoza, laiti ungekuwa na mikono ya kaka yako." "Nyie wanaume wawili, mbona dada yenu ndiye anayenikumbuka?" Basi wakakua hivyo. Mmoja akisifiwa, wawili chakula hakiwapiti kooni.

Msimu mmoja wa mvua, mzee alikuwa akiendesha mwenyewe kwenda msikitini. Akakanyaga breki, pedali ikazama kama mguu topeni. Gari likaacha barabara na kuingia kwenye bustani ya kabichi ya jirani. Hakuna aliyeumia. Mafuta ya breki yalikuwa yamevuja taratibu yakaisha, na hakuna kilichomwambia.

"Uza gari hilo, baba," Sikudhani akamsihi.

"Niuze? Afadhali mniuze mimi."

Hoza akaingiza kichwa chini ya dashibodi. Palikuwa na taa moja ndogo nyekundu, iliyowaka tu breki ya mkono ikivutwa, na kuzimika ikiachiwa.

"Taa hii ni mvivu," akasema. "Nitaipa kazi ya pili. Mafuta ya breki yakipungua, iwake pia. Wakati wa kuondoka itawaka kwa sababu ya breki ya mkono, na hapo utajua kwamba balbu ni nzima. Ikiwaka njiani, simama."

Siku nzima alilala chali ndani ya gari akifuata nyaya kuukuu zilizofunikwa kwa kitambaa. Zilizooza akazitoa, akavuta mpya hadi mbele kwenye injini, akazifunga vizuri zisiguse chuma. Lakini waya hauwezi kuona mafuta. Alihitaji kitu cha kuelea ndani ya kikopo cha breki, kishuke mafuta yakishuka, kiguse waya na kuwasha taa. Kwa gari la umri ule, kitu hicho hakikuwahi hata kutengenezwa.

Ilimbidi aende kwa kaka yake, na ilimuuma.

Kaniki naye aliufurahia uso wa mdogo wake alipokuja kuomba. Hata hivyo kazi aliifanya kwa moyo wote. Alijaribu kizibo cha chupa, mafuta ya breki yakakila. Alijaribu plastiki, ikalainika. Mwisho akafua boya dogo la shaba, tupu ndani, jepesi kama ganda la yai, akalilehemu mshono wake usipitishe hata tone. Akachonga na kifuniko kipya cha kulishikilia.

Wakafunga, wakayapunguza mafuta kwa majaribio, na taa ikawaka nyekundu kama jicho la njiwa. Mzee akapiga makofi.

"Hoza, mwanangu! Umenipa macho mapya!"

Kaniki alikuwa amesimama pale pale, mikono imejaa weusi wa shaba. "Na boya, baba?"

"Boya nalo zuri," mzee akasema, bila kugeuka.

Kaniki akaondoka bila kunywa chai. Siku ya pili mzee, nadhani katika kutafuta suluhu, akawatangazia majirani kwamba kazi yote ni ya boya la Kaniki. Sasa ikawa zamu ya Hoza kununa.

Sikudhani aliyaona yote akacheka kwa dharau. "Mnagombania kijitaa! Dereva hasa haambiwi na taa kwamba breki zimekufa. Anajua." Lakini msidhani alikuwa huru na wivu ule. Kicheko kile kilikuwa cha mtu ambaye hakuitwa kwenye makofi.

Macho ya mzee yakazidi kuingia ukungu. Akaandikiwa kwenda kupasuliwa mtoto wa jicho Korogwe, akasema Sikudhani ataendesha. Dereva mmoja angetosha, ila Kaniki akafikiri: dada ataenda peke yake, arudi kipenzi cha baba. Akapanda. Hoza akawaza hivyo hivyo. Akapanda. Wakaondoka wanne, mzee mbele akitabasamu, akiamini amependwa.

Walipoianza ile barabara ya kuteremkia Mombo, yenye ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, taa ikamemeta kwenye kona. Ikazimika. Kona iliyofuata ikamemeta tena.

"Nyaya zako hizo, Hoza," Kaniki akasema kutoka nyuma. "Zinagusana."

"Nyaya zangu? Boya lako ndilo limekwama!"

"Boya langu halikwami. Kazi ya harakaharaka ndiyo hiyo."

"Dada, usiijali," Hoza akasema. "Tukifika Mombo nitalifungua hilo boya lake mwone lilivyo."

"Endesha tu, Sikudhani," Kaniki akakubali, na hapo tu ndipo waliposikilizana. "Breki si zinashika?"

Zilikuwa zinashika. Mguu wa Sikudhani haukusikia kasoro yoyote, wala mgongo wake. Kila alichokijua katika kazi yake kilimwambia gari ni zima. Kijitaa kile alichokidharau ndicho pekee kilichosema vingine.

"Nyamazeni," akasema. Akashusha gia. Gari likanguruma. Akashusha tena.

"Mbona unaliumiza gari langu?" mzee akalalama.

Kwenye mteremko uliofuata Sikudhani akakanyaga breki kuipima, na pedali ikaenda moja kwa moja hadi sakafuni. Mbele, kwenye kona, akina mama walikuwa wamepanga peasi na matunda damu kando ya barabara, na wateja wamewazunguka. Sikudhani akaanza kuivuta breki ya mkono kidogo kidogo, akivuta na kuachia, akalisogeza gari upande wa mlima, matairi yakaingia mtaroni, ubavu ukakwaruza udongo kwa mlio wa kutisha, na likasimama. Mama mmoja wa peasi aliweza kuigusa boneti bila kuinuka kwenye kigoda chake.

Hoza alipochungulia chini, akakuta bomba la breki la nyuma limepasuka. Mafuta yalikuwa yamechirizika njia nzima, na machache yaliyobaki yalihamia upande kila kona, boya likashuka. Nyaya zilikuwa nzima. Boya lilikuwa zima. Taa ilikuwa imesema kweli tangu kona ya kwanza.

Mzee alipasuliwa, akapona. Siku ya kufunguliwa bandeji aliwaita watoto wake sebuleni, akaweka ufunguo wa gari mezani.

"Mimi siendeshi tena," akasema. "Gari hili ni la yule aliyetuokoa. Mmoja. Sitaki liuzwe mgawane."

Hoza akawa wa kwanza. "Baba, wazo lilikuwa langu. Bila mimi taa ile ingekuwa bado inalinda breki ya mkono, na dada angeambiwa na pedali, amekwisha kuchelewa."

"Wazo lako lilikuja kwangu kuombaomba," Kaniki akasema. "Waya haukuona mafuta. Boya ndilo liliona. Nawe ulimwambia dada alipuuze."

"Nawe ulimwambia apuuze nyaya!"

"Wote wawili mliniambia niendeshe tu," Sikudhani akasema. "Mlichokitengeneza kwa mikono yenu mlikikana kwa sababu kila mmoja alitaka mwenzake awe amekosea. Ningewasikiliza, tungezikwa pamoja na wale akina mama."

Kaniki akamgeukia. "Wewe uliyecheka? Wewe uliyesema dereva hasa anajua? Siku ile ulijua nini, kama si taa kukuambia?"

Sikudhani akautazama ufunguo. Hoza akautazama. Kaniki akautazama. Mzee, kwa macho yake mapya, akawatazama wote watatu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaogopa kumsifu mtoto.

Na hapo ndipo walipo hadi sasa, maana hakuna anayenyanyuka kabla ya mwenzake.

Basi niambieni nyinyi. Yupo aliyewazia taa na kuvuta nyaya. Yupo aliyeipa taa jicho. Yupo aliyeiamini taa wakati hata mafundi wake waliikana. Ufunguo ni mmoja. Ungekuwa wewe ndiye Mzee Shekalaghe, ungeuweka mkononi mwa nani, na wale wawili ungewaambia nini?