Mwaridi wa Bi Nunu

"Mwaridi wa siri hufa kwa maji." Ndivyo alivyosema shangazi yenu leo jikoni, nanyi mkatazamana, kisha mkacheka. Mmoja wenu, sitamtaja, akasema wazee hutunga maneno ili wasijibu maswali. Haya hatukuyatunga. Methali hii ina kisa chake, na kisa chenyewe kilianza hivi.

Katika mtaa wa Mkorosini, kule Pangani, aliishi mama mmoja akiitwa Bi Nunu. Pembeni mwa baraza yake palikuwa na mtungi mkubwa wa udongo uliotobolewa chini, na ndani ya mtungi ule uliota mwaridi mwekundu. Mama yake ndiye aliyepanda kijiti chake. Miwaridi ya majirani ilikuwa ikikauka kwa jua na upepo wa chumvi, lakini wa Bi Nunu ulichanua mwaka mzima. Bibi harusi wa mtaa ule hakutolewa nje bila waridi la Bi Nunu kichwani. Likikosekana, wanawake waliulizana nyumba ile ina ugomvi gani na Bi Nunu.

Alijua kuulea. Baada ya mvua za vuli aliupogolea, maua yaliyokwisha aliyakata kwa ukucha, na maji ya kuoshea samaki yalikuwa yake mwaridi. Lakini maji hakuyatia kwa mazoea. Kwanza alichomeka kidole udongoni. Kikitoka kikavu, aliumwagia maji. Kikitoka na tope, aliondoka zake. Hilo la kidole hakumfundisha mtu. Waliomwuliza aliwajibu, "Ni mkono wangu tu." Alikuwa mama mwema, wala simsengenyi marehemu, ila hakujua kumwamini mtu hadharani. Akimsifu mtu, humsifu chumbani, mlango umefungwa.

Ikatokea dada yake kuugua huko Unguja, na Bi Nunu hakuwa na budi kwenda kumwuguza. Aliyebaki nyumbani ni Zaina, mke wa mwanawe Sefu. Sefu mwenyewe alikuwa kazini katika shamba la mkonge, akija nyumbani mara moja moja. Zaina alikuwa bado mgeni katika nyumba ile, na kila mtu mtaani alijua kwamba Bi Nunu alimtakia mwanawe binti mwingine. Kwa hiyo Bi Nunu alipomvuta jikoni siku ya safari akamwambia, "Mwaridi wangu nakuachia wewe. Wewe tu ndiye ninayekuamini, na usimwambie mtu," Zaina alilia kwa furaha. Aliona kwamba sasa amekuwa mtoto wa nyumba.

Alichokuwa hakijui ni kwamba Bi Nunu alikuwa ametoka uani kuagana na shoga yake, Bi Mishi, mpika vitumbua, na kumnong'oneza, "Shoga, yule msichana atauua mwaridi. Wewe tu ndiye ninayekuamini, na usimwambie mtu." Kisha akampitia Maalim Hatibu, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekaa nyumba ya pili, naye akaambiwa neno lile lile.

Basi Zaina alitia maji alfajiri, kabla ya kufagia. Bi Mishi alikuja na kopo lake adhuhuri, watu wamelala. Maalim naye, akirudi msikitini jioni, alimimina birika lake zima la udhu. Kila mmoja alihakikisha haonekani, maana aliambiwa ni siri. Na kila mmoja aliridhika na nafsi yake.

Haukupita muda mrefu, majani yakaanza kugeuka manjano na kulegea. Mti uliotiwa maji kupita kiasi husinyaa sawasawa na mti wenye kiu. Asiyejua hawezi kutofautisha. Zaina aliona majani yamelegea akaongeza ndoo. Bi Mishi akaongeza kopo, huku akijisemea, "Yule binti ana moyo gani? Hata tone hamwagi!" Maalim alitikisa kichwa, akawasikitikia wanawake wa siku zile, akajaza birika hadi mdomoni. Wangekutana mbele ya mtungi mara moja tu, mambo yangekwisha. Lakini siri iliwapangia nyakati.

Bi Nunu aliporudi, mwaridi ulikuwa vijiti vyeusi. Hakuingia ndani hata kuvua buibui. Alisimama pale pale barazani akaita kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

"Zaina! Umeniulia mti wa mama yangu!"

"Mama, wallahi nimeutia maji kila siku."

"Ungetiwa maji ungekuwa hivi? Fungasha nguo zako uende kwenu. Sefu akija nitamwambia mwenyewe, na mke mwingine nitamtafutia mimi."

Zaina aliingia ndani kufungasha. Watu walikuwa wamejaa njiani, na Bi Mishi alikuwa miongoni mwao. Angeweza kunyamaza; wengi wangenyamaza. Lakini alikuwa akifikiri juu ya kopo lake, na hesabu haikumkalia sawa.

"Shoga," akasema, "huyo mtoto usimfukuze. Mti huu nimeunywesha mimi."

"Wewe?"

"Si ulinituma? Si uliniambia ni mimi tu?"

"Subirini kwanza," alisema Maalim Hatibu kutoka nyuma ya watu. "Bi Nunu, si mimi uliyeniambia hivyo?"

Hakuna aliyecheka, ingawa kichekesho kilikuwapo. Bi Nunu aliwatazama, kisha akachomeka kidole kwenye mtungi. Kilizama chote, na mkono ukafuata mpaka kifundo. Alipoutoa, ulitoka na tope linalonuka na mzizi uliooza. Tundu za chini zilikuwa zimezibwa na udongo ulioshuka na maji. Hakuhitaji kuelezwa.

Zaina, aliyeyasikia yote kutoka ndani, alitoka na furushi lake kichwani. Alisimama mbele ya mama mkwe wake, akasema bila kupandisha sauti, "Ungetuambia tuko watatu, Mama, tungepeana zamu." Akaenda zake kwao Mwera. Bi Nunu hakumzuia. Aliingia ndani kwa aibu.

Sefu alipokuja akakuta nyumba haina mke, alimwambia mama yake neno moja tu: "Uliyemfukuza ukamrudishe." Bi Nunu akafunga safari ya Mwera pamoja na Bi Mishi na Maalim, kama ada inavyotaka. Walikaribishwa ukumbini kwa wazazi wa Zaina, wakaletewa kahawa. Wazee wakangoja mgeni aseme lililomleta. Bi Nunu akaomba amwone kwanza mkwewe faragha.

Akapelekwa chumbani. Akafunga mlango, akamshika Zaina mikono, akamnong'oneza, "Rudi, mwanangu. Nimekosa. Katika nyumba ile, wewe tu ndiye ninayekuamini."

Zaina aliitoa mikono yake taratibu. Alimpenda mume wake, na alitaka kurudi kuliko kitu chochote. Lakini maneno yale alikwisha kuyasikia jikoni, akayalilia, na yalikuwa na wenzake uani na kwa jirani.

"Mama," akasema, "mwaridi wa siri hufa kwa maji. Kayaseme hayo ukumbini."

Bi Nunu aligeukia mlango. Uso ulimwiva, na inasemekana alifika mlangoni akarudi, akafika tena. Mwisho aliufungua. Mbele ya baba yake Zaina na mama yake, mbele ya Bi Mishi na Maalim, akasema kwa sauti, "Nimekuja kumchukua binti yangu Zaina. Nilimdhulumu mbele za watu. Nyumba yangu nikisafiri ni yake, na ninyi nyote mmesikia."

Zaina akatoka chumbani na furushi lake. Hakuwa amelifungua tangu alipofika.

Tangu siku hiyo, mtu wa Mkorosini akivutwa pembeni akanong'onezwa kwamba ni yeye tu anayeaminiwa, hacheki wala hafurahi. Huurudisha mkono wake taratibu na kujibu: "Mwaridi wa siri hufa kwa maji."