Swala Aliyeletwa Kama Alivyoagizwa

Simba alisimama mlangoni pa shimo la mbwa mwitu, ambamo watoto sita walikuwa wakilia njaa.

"Kuanzia leo kila swala ni wangu," alisema. "Mwindaji mkuu wa mbuga hii ni nani?"

"Si ni wewe, Mkuu!" alijibu Sikitu, mama yao. "Sisi kazi yetu kukimbia tu. Sasa tukuletee vipi?"

"Vilevile mnavyowaletea hawa watoto! Hapahapa, na nyama isipungue."

Simba akajilaza. Sikitu na wenzake wakaenda kuwinda, wakarudi midomo mitupu, matumbo yamevimba.

"Nyama yangu iko wapi?"

Sikitu aliinamisha kichwa, akatapika minofu yote miguuni pa Simba. Wenzake nao wakatapika.

"Uchafu gani huu?"

"Watoto wetu huletewa hivihivi, Mkuu. Karibu chakula."

Simba aliondoka amekunja pua. Watoto wakatoka mbio kula.